Deb, Flatpak, AppImage, zip au dmg: ulimwengu pepe wako uufunge vipi?

Jumamosi moja nilifika kwenye klabu yetu ya kompyuta, Umoja, nikiwa na flashi mbili mfukoni na matumaini mengi. Ndani ya flashi kulikuwa na Luanti, ile programu huria ya ulimwengu wa matofali iliyoitwa Minetest hadi Oktoba 2024, pamoja na ramani ya Bustani ya Jeevanjee ambayo watoto wenyewe walikuwa wameijenga tofali kwa tofali. Kompyuta zilikuwa kumi na mbili, karibu zote laptopu za mtaa wa Luthuli hapa Nairobi, zile za mkono wa pili kutoka ng'ambo. Kufikia saa sita mchana ni tano tu zilizokuwa zimeifungua ramani. Saba zilizobaki zilikuwa na magonjwa yake.

Programu haikuwa na kosa. Ni mimi niliyeifunga kama mtu anayejifungia mwenyewe, mwenye faiba nyumbani na nenosiri la msimamizi kichwani.

Makala haya ni ya aliye pale nilipokuwa asubuhi ile. Una ulimwengu pepe wa programu huria, uwe Luanti uliyoiongezea vitu vyako, Overte, au seva ya OpenSimulator na kitazamio chake (programu ambayo mtumiaji huingilia humo), na unataka watu wenye mifumo tofauti waufungue bila kukupigia simu. Mfungaji ni wewe (wa vifurushi, si wa mabao), na chaguo ni nyingi.

Wazo lenyewe si geni jijini. UN-Habitat, ambayo makao yake makuu yako Gigiri, ilishirikiana na Mojang, waundaji wa Minecraft, kuanzia 2012 katika mradi wa Block by Block, wakazi wakitumia Minecraft kuchora maeneo ya umma wanayoyataka, na uwanja wa Silanga kule Kibera ni mmoja wa miradi hiyo. Minecraft lakini ni mali ya kampuni na kila anayecheza anahitaji leseni. Ukiwa na programu huria, unaiweka kwenye mashine nyingi upendavyo na kuibadilisha upendavyo. Kazi ya kuifikisha ndiyo inayobaki mikononi mwako.

## Tunapima nini

Data. Faili ina uzito gani, na je, inaweza kusafiri kwa flashi bila kudai intaneti ikishafika? Kuna mtego hapa wengi hawauoni. Tangu toleo la 5.8, Luanti haiji tena na mchezo ndani yake. Mtumiaji akiifungua mara ya kwanza anaambiwa aende kupakua mchezo kwenye ContentDB, hifadhi ya mtandaoni ya michezo ya Luanti. Kwa mwenye bando la shilingi ishirini, hapo safari imekwisha. Chochote utakachochagua hapa chini, weka mchezo na ramani ndani ya kifurushi.

Ruhusa. Nani anaruhusiwa kusakinisha? Kwenye saiba na maabara za shule nenosiri la msimamizi liko kwa mtu mmoja, na siku unayomhitaji ameenda ushago.

Masasisho. Kwa kikokotoo, toleo la zamani si neno. Ulimwengu pepe huongea na seva, na seva ina lugha yake. Minetest 5.0 ilipotoka Machi 2019 ilikata mawasiliano na matoleo ya 0.4. Debian 10, iliyotoka Julai mwaka huohuo, bado ilibeba 0.4.17. Aliyesakinisha kwa njia rasmi kabisa alijikuta amesimama nje ya mlango wa seva mpya.

Michoro. Programu hizi hutegemea draiva ya kadi ya michoro kuliko programu nyingine nyingi. Kifurushi kikija na maktaba zake kikazigonganisha na draiva za mashine, skrini inabaki nyeusi au mchezo unakwenda kwa kudemadema.

Mzigo wako. Saa zako na pesa zako, leo na kila toleo jipya likitoka.

## Deb, kwa Debian, Ubuntu na Mint

Data. Hapa deb, kifurushi cha asili cha mifumo hii ya Linux, haina mpinzani mradi kuna intaneti kidogo. Apt, kisakinishi cha mifumo hii, huleta kile tu kinachokosekana, na Debian ina seva za nakala hapahapa Kenya. Kwa maabara yenye mashine ishirini, sakinisha apt-cacher-ng kwenye moja, na nyingine zote zichukue kwake: faili inanunuliwa mara moja, inagawiwa mara ishirini. Bila intaneti hali ni nyingine. Deb moja kwenye flashi ni mgeni aliyefika bila mizigo yake. Dpkg, zana inayofungua deb, itakuorodheshea maktaba zinazokosekana na kukuacha hapo. Ilinibidi nibebe folda nzima ya deb kumi na kitu, na bado mashine moja ya Mint ya zamani ilikataa.

Ruhusa. Lazima sudo, yaani ruhusa ya msimamizi. Hakuna njia ya kuzunguka.

Masasisho. Yanategemea nani anayatoa. Ukitegemea hifadhi rasmi, utapata toleo lililogandishwa siku ya uzinduzi: Ubuntu 22.04 imekaa na Minetest 5.4.1, ya 2021. Ukifungua PPA, yaani hifadhi yako mwenyewe ya deb, kwenye tovuti ya Launchpad, watumiaji watapata toleo jipya pamoja na masasisho mengine ya mfumo, bila kufikiria. Hilo la kutofikiria lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Michoro. Hapa deb inashinda njia nyingine zote za Linux. Programu inatumia maktaba na draiva zilezile za mfumo, kwa hiyo kama kompyuta inaonyesha chochote, itaonyesha na hii.

Mzigo wako. Mzito, na si pale unapoutarajia. Kuandika faili za control na rules ni kazi ya siku mbili. Kinachokula wiki ni faili ya haki miliki. Debian inataka kila kitu kilichomo kiwe na leseni inayojulikana, na ulimwengu pepe una mamia ya picha, sauti na maumbo kutoka kwa watu mbalimbali. Sauti ya mvua imetoka wapi? Picha ya mabati hii, mchoraji aliiachia chini ya leseni gani? Mimi nilikuwa na picha ya matatu ambayo mmoja wa vijana aliitoa mtandaoni, na hakuna aliyekumbuka wapi. Tuliifuta, akapiga nyingine kwa simu pale stendi. Hata kama hutapeleka chochote Debian, fanya kazi hii mapema. Mchezo wa Minetest Game, kwa mfano, una msimbo ulio chini ya LGPL 2.1 na picha zilizo chini ya CC BY-SA 3.0, leseni mbili ndani ya folda moja, na zote zina masharti ya kutaja wenyewe.

Tena utajenga deb moja kwa kila toleo la Ubuntu na Debian unalolilenga. Ya 24.04 haitakaa kwenye 22.04.

Inamfaa mwenye maabara yenye msimamizi mmoja, mashine zinazofanana, na nia ya kukaa na mradi kwa miaka.

## Flatpak

Flatpak ilianzishwa na Alexander Larsson, ikaitwa xdg-app kabla ya kubadilishwa jina 2016. Wazo lake ni kwamba programu inakuja na mazingira yake ya kuendeshea, kwa hiyo kifurushi kimoja kinakwenda kwenye Linux yoyote.

Data. Mara ya kwanza ni maumivu. Programu yako inaweza kuwa makumi ya MB, lakini mazingira inayoyahitaji ni mamia ya MB. Programu ya pili inayotumia mazingira hayohayo haiyalipii tena, na masasisho hushusha tofauti tu, si faili nzima. Ukitaka kusafirisha kwa flashi, kuna flatpak create-usb, ambayo hubeba programu na mazingira yake pamoja baada ya kuwekea hifadhi kitambulisho chake. Usiichanganye na build-bundle. Hiyo hutoa faili moja nzuri yenye mwisho wa .flatpak, ukafurahi, kumbe mazingira hayamo ndani, na ikifika itadai intaneti.

Ruhusa. Ukisakinisha kwa --user, sudo haihitajiki. Ila Flatpak yenyewe lazima iwepo. Mint na Fedora zinakuja nayo. Ubuntu haiji nayo.

Masasisho. Ukiwa Flathub, duka kuu la mtandaoni la Flatpak, mtumiaji anapata toleo jipya muda mfupi baada ya kulitoa, awe kwenye Linux ya mwaka gani. Kwa programu inayoongea na seva, hili ndilo jibu safi kuliko yote upande wa Linux.

Michoro. Draiva huria za michoro, Mesa, ziko ndani ya mazingira, na mara nyingine ni mpya kuliko za mfumo wenyewe, jambo linalosaidia laptopu kuukuu yenye Intel. Kwenye NVIDIA, Flatpak inabidi ishushe kiendelezi kinacholingana kabisa na toleo la draiva ya mashine. Draiva ikisasishwa, nacho kinashushwa upya. Zaidi ya hapo, Flatpak huifungia programu chumbani, na kila mlango unaufungua wewe kwa kuuandika: mtandao, sauti, kadi ya michoro, kifaa cha kuchezea. Nilisahau ruhusa ya sauti katika jaribio langu la kwanza na nikatumia jioni nzima kulaumu spika.

Mzigo wako. Wa kati. Unaandika faili moja ya maelezo, na inajengeka vilevile kila mahali. Lakini mazingira ya freedesktop hutoka kila mwaka na kila moja huishi karibu miaka miwili, kwa hiyo ukiuacha mradi, watumiaji wataanza kuona onyo kwamba mazingira yamefika mwisho.

Jambo moja la kuwaambia watumiaji mapema: ulimwengu wao utakaa ndani ya ~/.var/app, si ~/.minetest. Msichana mmoja wa klabu alihama kutoka deb kwenda Flatpak, akafungua orodha ya ulimwengu wake, akakuta tupu. Miezi mitatu ya kujenga. Hakusema kitu, alifunga tu laptopu. Faili zilikuwa salama kwenye folda ya zamani, na dakika mbili zilitosha kuzihamisha, lakini hakuna kifurushi kilichomwambia hivyo.

Inamfaa mwenye watumiaji waliotawanyika, kila mmoja na Linux yake, wenye intaneti ya kutosha kwa mara ya kwanza.

Na Snap? Inafanana na Flatpak kwa mengi, na kwenye Ubuntu tayari ipo. Hukagua masasisho mara nne kwa siku bila kuulizwa, jambo ambalo mwenye bando atalisikia mfukoni asipojua kulizuia kwa snap refresh --hold. Mint imeizuia tangu toleo la 20, na seva ya duka lake si programu huria. Kama watumiaji wako wote wako Ubuntu na intaneti haikatiki, ni chaguo halali. Wangu hawako hivyo.

## AppImage

Faili moja. Hakuna kusakinisha. Unaipa ruhusa ya kuendeshwa, unabonyeza mara mbili. Overte huitumia njia hii kwa watumiaji wa Linux, na Luanti pia inapatikana hivyo.

Data. Kila kitu kiko ndani, kwa hiyo faili ni kubwa kuliko deb, lakini ukubwa unaouona ndio ukubwa wote. Ikishafika kwa flashi imefika. Kwa mazingira yetu hilo si jambo dogo.

Ruhusa. Kimsingi hakuna inayohitajika, na hapo ndipo watu wa saiba wanapoipenda. Kuna mawe mawili njiani. La kwanza ni flashi yenyewe: nyingi ziko katika FAT32, ambayo haitunzi ruhusa za Linux, na mifumo mingi ikiifungua flashi ya aina hiyo huruhusu faili za Windows kama exe pekee zionekane kuwa za kuendeshwa. Utabonyeza AppImage yako hadi kidole kichoke. Inakili kwenye kompyuta kwanza, kisha chmod +x. La pili ni FUSE: Ubuntu kuanzia 22.04 haiji na libfuse2, maktaba ambayo AppImage nyingi huitegemea ili kujifungua. Ukiweza, ifunge kwa kiendeshi kipya kisichoihitaji. Ukikwama, --appimage-extract-and-run itakuokoa.

Masasisho. Hakuna, isipokuwa uyapange mwenyewe. Aliyepewa faili leo ataitumia hadi seva imkatae. Kuna zana ya AppImageUpdate, lakini sijamwona mtoto wa darasa la saba akiitumia.

Michoro. Hapa ndipo nilipopata funzo langu ghali. Nilikuwa nimejenga kwenye laptopu yangu mpya yenye Ubuntu 24.04. Kwenye mashine tatu za klabu, dirisha halikufunguka kabisa. Nikafungua terminali, nikaikuta sentensi moja: version `GLIBC_2.38' not found. Mashine hizo zilikuwa na 22.04, ambayo glibc yake, maktaba ya msingi ya C, ni 2.35. Msingi huo wa mfumo haurudi nyuma: kilichojengwa juu ya mpya hakiendeki kwenye wa zamani, ingawa kinyume chake kinawezekana. Dawa ni kujenga kwenye mfumo mkongwe kuliko wote unaoutegemea kuukuta. Kosa lingine la kawaida ni kubeba libstdc++, maktaba ya C++, ya zamani ndani ya kifurushi. Draiva mpya za mashine zinakuja kuitumia, zinakosa kitu, na mchezo unaangukia kuchora kwa prosesa badala ya kadi. Unaona ulimwengu, lakini ukigeuza shingo unafika baadaye. Maktaba za OpenGL pia usizifungashe. Ziache za mashine.

Mzigo wako. Mwepesi mwanzoni, kisha unalipa kwa kujaribu kwenye mashine nyingi.

Inamfaa anayegawa kwa mkono, kwenye semina, maonyesho au saiba, na asiyetarajia faili hiyo kuishi mwaka.

## Windows: zip au kisakinishi

Laptopu nyingi za Luthuli bado zina Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi kati yake haziwezi kupanda hadi 11 kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo watumiaji wako wa Windows watakuwa na mfumo wa zamani kwa muda mrefu ujao, au watahamia Linux. Panga kwa yote mawili.

Data. Zip na kisakinishi hazitofautiani sana kwa uzito. Zote mbili ni faili moja iliyokamilika.

Ruhusa. Zip haihitaji chochote. Luanti kwa miaka mingi imetolewa Windows kwa zip, ikiwa imejengwa kwa RUN_IN_PLACE, maana yake ulimwengu na mipangilio hukaa ndani ya folda ileile. Mtoto anaweza kutembea na ulimwengu wake kwenye flashi kutoka nyumbani hadi klabu. Kisakinishi kwa kawaida hudai msimamizi, lakini ukitumia Inno Setup unaweza kuiambia isakinishe kwa mtumiaji mmoja tu, bila nenosiri.

Zip ina adui mmoja, naye ni Windows yenyewe, inayoionyesha kama folda ya kawaida.

"Mwalimu, hii yangu inasema DLL."

Nilienda nikaangalia. Alikuwa ameingia ndani ya zip, akabonyeza exe humohumo. Windows huichomoa hiyo exe peke yake, maktaba zake zikabaki ndani. Mashine nne kati ya zile saba zilikuwa na ugonjwa huu. Sasa folda ya kwanza kwenye zip yangu inaitwa TOA-NJE-KWANZA, na bado kila mara kuna mmoja anayepita.

Masasisho. Zip hufanana na AppImage: hakuna. Kisakinishi angalau hufuta toleo la zamani na kuweka jipya mahali pamoja, na ukijiandikisha kwenye winget, kisakinishi cha terminali cha Windows, anayejua kutumia terminali atasasisha kwa amri moja.

Michoro. Swali hapa ni kama draiva ya mtengenezaji ipo au ni ile ya jumla ya Windows. Kifurushi hakibadilishi kitu.

Mzigo wako. Kujenga si shida: faili za Windows zinaweza kukompailiwa ukiwa Linux kwa MinGW, na Luanti ina hati za kufanya hivyo ndani ya hifadhi yake. Shida ni sahihi. Exe isiyo na sahihi ya kidijitali ikipakuliwa mtandaoni, SmartScreen, mlinzi wa Windows, hutoa dirisha la buluu la kutisha, na kitufe cha kuendelea kimefichwa nyuma ya maneno ya "maelezo zaidi". Tangu Juni 2023, ufunguo wa cheti cha kutia sahihi lazima ukae kwenye kifaa maalumu cha usalama, jambo lililoongeza gharama na usumbufu. Miradi huria inaweza kuomba sahihi ya bure kwa SignPath Foundation. Ukigawa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, mara nyingi dirisha hilo halitokei, kwa kuwa faili haina alama ya kutoka mtandaoni. Lakini basi unapambana na virusi vya flashi, vile vinavyogeuza folda zako kuwa njia za mkato, na antivirusi ya saiba ambayo haipendi exe yoyote isiyoifahamu.

Zip inamfaa anayehamahama na ulimwengu wake. Kisakinishi kinamfaa mzazi au mwalimu anayetaka kuona ikoni kwenye menyu na njia ya kuifuta.

## macOS

Data. Ukijenga dmg (faili ya kugawia programu za Mac) ya pamoja kwa Intel na kwa chipu za Apple, uzito wa programu karibu unajirudia mara mbili. Ruhusa. Kuburuta hadi folda ya Applications, basi. Masasisho. Unayapanga mwenyewe. Michoro. Apple iliitangaza OpenGL kuwa ya kuachwa mwaka 2018. Bado inafanya kazi, imesimama kwenye 4.1, na kwa Luanti inatosha.

Mzigo wako. Huu ndio mkubwa. Tangu macOS 10.15, programu inayogawiwa nje ya duka la Apple inatakiwa kupelekwa kwao ikaguliwe kabla Gatekeeper, mlinzi wa Mac, haijaipitisha, na uanachama wa wasanidi ni dola 99 kwa mwaka, kama shilingi 12,800 dola ikiwa 129. Ukilipa, kumbuka kubandika tiketi ya ukaguzi kwenye programu yenyewe kwa stapler, ili Mac isiyo na intaneti nayo iikubali. Usipolipa, mtumiaji wa macOS 15 atalazimika kuingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama kuiruhusu. Ile njia ya zamani ya kubonyeza na Control imeondolewa. Kujenga hakuhitaji Mac yako mwenyewe, kwa kuwa GitHub Actions hutoa mashine za macOS bure kwa hifadhi za umma. Kujaribu kunahitaji. Klabuni tuna Mac moja, ya dada anayefanya usanifu, na huja nayo akipata nafasi.

Inamfaa mwenye watumiaji wa Mac wa kweli na wenye idadi. Kwa wawili au watatu, kaa nao dakika kumi uwaonyeshe.

## Neno kuhusu OpenSimulator

OpenSimulator imeandikwa kwa C#, na mkondo wa 0.9.3 umehama Mono kwenda .NET mpya. Hutolewa kama zip au tar, na nadhani wamefanya vizuri: anayeendesha seva anajua kufungua tar. Kinachosumbua ni kitazamio. Firestorm ina matoleo mawili, moja la Second Life, ulimwengu pepe wa kibiashara, lenye maktaba ya fizikia ya Havok na jingine la OpenSim lisilo nayo, kwa sababu leseni ya Havok hairuhusu itumike kwenye seva za OpenSim. Usiweke lile la kwanza kwenye flashi yako ukidhani umewasaidia watu.

## Kulingana na hali yako

Kama una maabara moja yenye Linux na msimamizi anayepatikana, tengeneza deb, weka PPA na apt-cacher-ng, na usisumbuke na kingine. Msimamizi akiwa ni wa kutafutwa kwa tochi, Flatpak kwa --user itakufaa zaidi, lakini yaingize mazingira yake siku moja yenye intaneti nzuri kabla ya somo.

Kama watumiaji wako ni watu usiowajua, kila mmoja na mashine yake, na mnakutana kwenye seva ya mtandaoni, toleo likipitwa hawaingii. Flathub kwa Linux, kisakinishi chenye sahihi kwa Windows. Omba sahihi mapema, maombi huchukua muda.

Kama ni semina ya siku moja kwenye saiba, beba zip na AppImage, zote zikiwa na mchezo na ramani ndani, na AppImage iwe imejengwa kwenye mfumo wa zamani. Fika nusu saa mapema ukazinakili mwenyewe.

Kama mradi wako unatumia CMake, jaribu CPack, zana yake ya kufunga vifurushi, kabla ya kuandika chochote kwa mkono. Kutoka mpangilio mmoja itakutolea zip, deb, kisakinishi cha NSIS na dmg. Hazitakuwa nadhifu kama za mtu aliyekaa nazo, ila utajua katika siku moja ni zipi watu wanazichukua.

Na kama hujui utakuta mashine gani, fanya nifanyavyo sasa. Flashi yangu ina folda tatu: WINDOWS, LINUX na CHANZO. Ya tatu ni kwa sababu LGPL inadai anayepewa programu awe na njia ya kupata msimbo wake, na kwa bando za hapa, njia fupi ni kumpa papo hapo. Pembeni kuna karatasi moja ya A4 yenye hatua nne na picha, na namba ya simu yangu chini, kwa kalamu.